Mti wa Mtulizo Mbele ya Baraza la Pimani

Namna nilivyofika Pimani sitaieleza. Njia ilikuwa ndefu, jua lilikuwa kali, na mtu mwenye sukari akitembea sana huchoka upesi. Inatosha kujua kwamba nilifika nikiwa na mfuko mmoja, chupa mbili za dawa, na mdomo wangu.

Mdomo ndio kazi yangu. Kwa miaka kumi na minane nimewapigia debe wauzaji wa dawa za majani katika minada na stendi za nchi yetu. Kama umewahi kusikia spika ikitangaza kwamba dawa moja inaondoa kisukari, presha, ngiri na mikosi, basi huenda uliyemsikia ni mimi. Sikujiona mwongo. Nilisema nilichopewa kusema, na aliyenipa ndiye mwenye kujua. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijieleza, na kila nilipojieleza nilijielewa vizuri sana.

Mwaka jana sukari ikanishika mimi mwenyewe. Nikaviacha vidonge vya hospitali, maana vilinichosha, nikahamia kwenye chupa niliyokuwa nikiitangaza. Macho yakaanza kuona ukungu. Ndipo nikasikia habari za Pimani, nchi ambako inasemekana kuna majani yanayoshusha sukari kweli na kulilinda ini. Nikaamua niende, nijionee, na nirudi na madumu.

Mpakani nilipokelewa na afisa mmoja mnene, Bi Mwanahawa, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliichukua chupa yangu, akasoma karatasi iliyobandikwa juu yake.

"Inatibu magonjwa arobaini," alisema. "Yaandike."

Akanipa karatasi. Nikaandika kwa kujiamini, nikafika la kumi na moja, nikakwama.

"Na ishirini na tisa yaliyobaki?"

"Hayo yanajulikana tu, mama."

Bi Mwanahawa akaandika kwenye daftari lake, bila kutabasamu: magonjwa ishirini na tisa yanajulikana tu. Halafu akaniuliza ni watu wangapi walioinywa, kwa siku ngapi, na ni nani waliodhurika.

"Hakuna aliyedhurika."

"Uliwauliza akina nani?"

"Waliorudi kununua tena."

"Na ambao hawakurudi?"

Aliziweka chupa zangu katika kabati lenye maandishi "Wageni Wasiojieleza", kisha akauliza vidonge vyangu viko wapi. Nikamwambia nimeacha. Akauliza ni nani aliyenishauri niache.

"Mimi mwenyewe," nilisema, "kwenye spika."

Wakanipima damu kidoleni, wakanirudishia vidonge vyangu siku hiyo hiyo, wakanisimamia nikavimeza. Kisha wakanipeleka nyumbani kwa Bi Nasikiwa, kwa sababu sheria ya Pimani inasema mgeni mgonjwa hukaa kwa mtu anayetafuta dawa ya ugonjwa wake, ili aone jikoni kabla ya kuona kikombe.

Kabla sijamweleza mama huyo, lazima niseme kuhusu watu wa nchi yenyewe, maana mwanzoni walinichekesha hadi nikaona nimepotea njia. Pimani ni marufuku kusifu. Si kwamba ni dhambi. Ni kosa la kisheria, kama kujenga barabarani. Unaruhusiwa kusema ulichokiona, kwa watu wangapi, na kwa muda gani, basi. Sheria ilitungwa kwa ajili ya dawa, lakini imewaingia hadi kwenye mifupa. Nilihudhuria harusi ambayo mshenga alisimama akatangaza, "Bibi harusi, kwa macho ya watu kumi na wawili walioketi mstari wa mbele, amependeza leo." Watu wakapiga vigelegele vya nguvu. Mume akisifu mboga ya mkewe husema, "Nimekula mara tatu mwezi huu, na mara tatu nimeshiba." Mke naye hufurahi. Nilimwonea huruma, mpaka nilipotambua kwamba anamwamini mumewe, na mke wangu mimi aliacha kuniamini siku nyingi zilizopita.

Na kingine nilikigundua sokoni. Nilijikuta nikitazama miguu ya watu. Katika mitaa yetu, ukikaa nusu saa kwenye benchi utaona mzee aliyekatwa mguu kwa sababu ya sukari, na mwingine anayeongozwa mkono kwa sababu ya macho. Pale niliketi asubuhi nzima. Wazee wenye sukari walikuwapo wengi, nao huvaa kitambaa cha kijani mkononi ili wasipewe chai ya sukari kwa bahati mbaya. Walitembea kwa miguu yao miwili, wakisoma bei wenyewe. Niliwastahi watu wale tangu siku hiyo, pamoja na harusi zao za ajabu.

Siri yao ni Nyumba Tano. Nchi nyingine zina wizara. Pimani ina Nyumba ya Damu, ya Ini, ya Figo, ya Jicho na ya Unyayo, na kila moja ina Mnenaji wake. Dawa yoyote mpya lazima ipite mbele ya wote watano. Haitoshi Mnenaji wa Damu kusimama na kusema sukari imeshuka. Wa Ini atauliza imeshuka kwa gharama ya nani. Wa Unyayo atauliza kama vidonda vimepona. Hugombana hadi meza hutikisika, na Mnenaji wa Damu, ambaye ni mtu wa majivuno kidogo, hukumbushwa kila mara kwamba yeye si mwenye mwili peke yake.

Sasa Bi Nasikiwa. Ni mama wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mwenye ulimi mkali na mikono iliyobadilika rangi kwa majani. Kwa miaka thelathini alikuwa akishughulika na mti mmoja tu, mtulizo, ambao majani yake huchumwa kabla haujatoa maua, hukaushwa kivulini, huchemshwa mchemko mmoja, kisha huchujwa kwa kitambaa mara mbili. Jikoni kwake kulikuwa na ubao uliopakwa rangi, na kila chungu kilipochujwa aliweka maji yake kwenye glasi na kuyalinganisha na ubao ule, kwa sababu majani ya mlimani yana nguvu kuliko ya bondeni. Siku moja nilimwona akimwaga chungu kizima kwa kuwa kilikuwa kimekolea kidogo tu. Nilikaribia kupiga kelele. Kwetu kile ndicho kingeitwa "kali zaidi" na kuuzwa cha kwanza.

Aliinywa yeye mwenyewe siku mia moja kabla ya mtu mwingine kuigusa. Kisha wakaitwa watu mia na ishirini wenye sukari, wote wakiendelea na vidonge vyao. Sitini walipewa mtulizo, na sitini wakapewa maji machungu ya rangi ile ile yasiyo na kitu. Hakuna aliyejua amepata kipi, hata mmiminaji hakujua.

"Mnawadanganya wagonjwa!" nilimwambia kwa hasira.

"Tuliwaambia wote kwamba hatutawaambia," alijibu. "Ninyi huwa mnawaambiaje?"

Nikaenda kumsaidia kuanika majani.

Miezi kumi ilikuwa imekwisha nilipofika. Karatasi zilikuwa zimefunguliwa, na habari zilikuwa njema: kati ya sitini walioinywa, arobaini na mmoja sukari yao ilitulia kuliko wenzao, na maini yao yalipimwa yakakutwa salama, mengine yakiwa yamepata nafuu. Watu wanne waliacha njiani. Wa nne kati yao alikuwa kaka yake Bi Nasikiwa, Bwana Shekue, na mbele ya jina lake paliandikwa: aliondoka, safari.

Zilibaki siku nne kabla ya Baraza. Nilikuwa jikoni nikichambua majani Bwana Shekue alipoingia. Ni mtu mkubwa, mcheshi, lakini alikuwa amevaa viatu vilivyokatwa kwa kisu mbele, maana miguu ilikuwa imevimba. Akaketi juu ya kinu.

"Dada," alisema, "nimekuja kukuomba."

Ndipo nilipoujua ukweli. Shekue hakuwa ameondoka kwa sababu ya safari. Alikuwa na figo mbovu tangu ujanani, na alilificha hilo ili asikataliwe kuwa mmoja wa wale mia na ishirini, kwa kuwa alitaka kumuunga mkono dada yake. Mwezi wa saba akaanza kuvimba. Akakimbilia kwa shemeji yake mji wa pili, akaandika safari, akanyamaza. Dada yake alikuja kujua wiki ile tu, alipoiona miguu.

"Watu wanaisubiri hii dawa," Shekue alisema. "Wamejaa hapo nje na vitambaa vyao vya kijani. Miguu yangu isiwafungie mlango. Sema nilisafiri. Si nilisafiri kweli?"

Bi Nasikiwa aliendelea kuchuja.

Hapo nikaingilia, maana nilikuwa nimengoja kikombe changu siku nyingi, na sheria ilikataza nipewe kabla ya Baraza. Nikatumia ufundi wangu wote. Nikamwambia Bi Nasikiwa kwamba mtu mmoja kati ya sitini si kitu. Nikamwambia kwamba Shekue mwenyewe ndiye aliyeficha ugonjwa, kwa hiyo kosa si la mti. Nikamwambia miaka thelathini ni umri wa mtu, asiutupe kwa ajili ya viatu vilivyokatwa. Nilisema vizuri mno, na sijawahi kusema vizuri vile hata mnadani.

Alikikamua kitambaa, akakianika, akatoka nje.

Baraza la Pimani lina desturi moja ambayo sijaiona mahali pengine popote. Asubuhi, yule aliyeipinga dawa kuliko wote ndiye hupewa kazi ya kuitetea. Mchana, aliyeitengeneza ndiye huishtaki. Hivyo hadi jua linapozama, na hakuna ruhusa ya kubadili upande. Mti wenyewe huletwa katika chungu na kuwekwa katikati, usikie.

Mpinzani mkuu wa mtulizo alikuwa Bwana Chambuso, Mnenaji wa Figo, mzee mkavu ambaye kwa miezi kumi hakuwa amesema neno jema juu yake. Alisimama asubuhi ile akautazama mti kwa muda mrefu.

"Mti huu," alianza, "haujaniudhi leo."

Watu wakacheka. Akajikaza. Akasema una majani ya kijani. Akasema ukimwagiwa maji unakua. Mwenyekiti akamwonya kwamba atatozwa faini kwa kutetea kivivu, ndipo akazitoa hesabu za damu na za ini, moja baada ya nyingine, bila kupunguza hata moja, na jasho likimtoka. Niliona ni kazi ngumu kuliko zote duniani, kumsema vizuri usiyempenda na kusema kweli tupu.

Wageni huruhusiwa swali moja. Nikasimama kuwasaidia. Nikauliza, kitu cha asili, kilichoota chenyewe ardhini, kitamdhuru vipi binadamu?

Bwana Chambuso, ijapokuwa alikuwa upande wa utetezi, alishindwa kujizuia. "Mgeni, kwenu hakuna upupu?"

Nikakaa.

Mchana Bi Nasikiwa alisimama peku mbele ya mti wake. Alianza na madogo: mtulizo ni mchungu, watu tisa waliharisha wiki ya kwanza, watatu waliumwa kichwa. Watu waliitikia kwa vichwa. Wengi walidhani anatimiza desturi tu. Mimi nilikuwa nikimwombea amalize.

Akageuka kuitazama safu ya mwisho.

"Aliyeandikwa kwamba alisafiri," alisema, "hakuondoka kwa ajili ya safari. Ni kaka yangu. Ana figo zilizochoka, alificha, akanywa dawa yangu miezi saba, akavimba. Miguu yake ile pale, mnaweza kuitazama."

"Dada!" Shekue alinyanyuka.

"Kaa, kaka. Miguu itakuuma."

Ukumbi ukalipuka. Na hapo ndipo nilipouelewa uzuri wa desturi yao. Jua lilikuwa bado juu, na Bwana Chambuso, aliyeishi maisha yake yote akizilinda figo za watu, alikuwa na wajibu wa kuutetea mti dhidi ya ushahidi aliokuwa akiutafuta miezi kumi. Alisimama.

"Ni mtu mmoja tu," alisema. "Na aliingia kwa kuficha. Hatujui kama ni mti uliomvimbisha au ni ugonjwa wake wa zamani. Bi Nasikiwa, unaweza kuapa kwamba ni mti?"

Yalikuwa maneno yangu yale yale ya jikoni, ila yeye aliyasema bila kuyapenda.

"Siwezi," Bi Nasikiwa alijibu.

"Basi unaushtaki kwa lipi?"

"Kwa kutojua kwetu. Wenye figo nzima nimewaona, arobaini na mmoja, na nitasimama nao popote. Wenye figo zilizochoka nimemwona mmoja, naye yuko hivyo. Mpaka tutakapojua, mti huu usiwakaribie. Na kama mtaona hauwezi kupita kwa masharti hayo, basi ukataeni, nami nitaung'oa kwa mikono yangu."

Bwana Chambuso alitaka kusema tena, kwa kuwa sheria ilimtaka aseme. "Mteteaji hana la kuongeza," alisema, na nilimwona akifuta macho.

Hukumu ilisomwa kabla jua halijazama. Mtulizo uliruhusiwa, pamoja na vidonge na si badala yake, kwa kutuliza sukari na kulisaidia ini, kama ilivyoonekana kwa watu sitini katika miezi kumi. Neno "inatibu" halikuandikwa. Kila atakayetaka kikombe apite kwanza Nyumba ya Figo akapimwe, na aliyechoka figo asipewe. Kwa kuwa Bi Nasikiwa alikaa na habari ile siku kadhaa bila kuisema, jina lake halitachorwa kwenye ukuta wa Baraza, mahali ambapo alikuwa ameliwazia kwa miaka thelathini. Aliinama, akachukua chungu chake, akatoka. Baadhi ya wenye vitambaa vya kijani walimpungia mkono. Wengine walimgeuzia mgongo, kwa kuwa sasa walipaswa kupimwa, na anayepimwa anaweza kuambiwa hapana.

Mimi nilikuwa miongoni mwa waliogeuza mgongo. Nasema wazi, nilimkasirikia. Niliona ameichafua kazi yake kwa kujitakia utakatifu.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa wa kwanza kwenye foleni ya Nyumba ya Figo. Bi Nasikiwa alikuwa amekaa mlangoni na chungu chake, vikombe vikiwa vimepangwa, cha kwanza kikiwa changu, tayari kimejazwa. Nilimsalimia kwa mdomo wa juu juu. Nikaingia, nikatoa mkojo, nikangoja. Bwana Chambuso mwenyewe aliitikisa chupa, akatazama povu likikataa kuisha, akachovya kijikaratasi, akakilinganisha na rangi zake mara mbili.

"Bwana Tindwa," alisema kwa upole ambao sikuutarajia, "figo zako zimeanza kuchoka."

"Tangu lini?"

"Hatujui. Labda sukari, labda hayo uliyokuwa ukinywa. Ukivifuata vidonge, ukiacha chumvi, ukirudi kupimwa, tunao watu wengi walioanza hivi na bado wanatembea. Lakini mtulizo, hapana."

Nilitoka nje. Bi Nasikiwa aliniona usoni, akajua. Akakichukua kile kikombe cha kwanza, akakimimina tena chunguni kisije kikanifikia, akakifuta kwa ncha ya khanga yake.

"Bi Nasikiwa," nilimwambia, na sauti yangu yote ya mnadani ilikuwa imekwisha, "mimi ndiye niliyekuambia useme alisafiri."

"Nakumbuka."

"Ungenisikiliza, leo ningekunywa."

Aliupanga upya mstari wa vikombe, kimoja kikiwa kitupu.

"Nilikusikiliza," alisema. "Siku tatu nzima nilikuwa nimekubaliana na wewe."

Nikaketi palepale chini mlangoni, mtu mzima, watu wa foleni wakinitazama, nikalia.